Jiwe Lile Lile, Kila Jumapili

Maneno haya niliyasema Jumamosi jioni kwenye mkutano wa mwaka wa kikundi chetu cha kukimbia, ukumbini Kirumba, Mwanza. Waliokuwa safarini na waliokuwa zamu wameniomba niyaandike yote. Picha nilizotundika ukutani siku ile sikuziweka hapa. Nimezieleza kwa maneno kama nilivyozieleza pale.

Mwadila!

Hapana. Nimewasalimia kwa Kisukuma, na hiyo ni sauti ya watu waliokimbia asubuhi halafu hawakula. Mwadila!

Haya, sasa naamini pilau limefika.

Mwenyekiti wetu wa mtaa, wazee wangu wa mstari wa mbele, mama zangu, kaka na dada zangu, na nyie vijana mliojibanza nyuma karibu na kreti za soda: kwanza naomba radhi. Mimi si msemaji. Mimi ni fundi wa majokofu. Kazi yangu ni kuhakikisha sangara wa watu hawaozi. Katibu aliponiambia nizungumze nusu saa kuhusu maisha yangu ya mbio, picha na habari, nilimjibu kwamba nina maisha ya dakika kumi. Akasema, basi ongea polepole.

Mke wangu, yule pale, usijifiche, amekuwa akiniuliza swali moja kwa miaka mingi. Nikirudi na jasho ananiuliza. Nikirudi na kamera ananiuliza. Akinikuta saa 4 usiku nimeinamia redio na daftari ananiuliza. "Baba fulani, unapata nini?" Ni swali la haki. Sijawahi kushinda mbio yoyote. Picha hazijanilipa, isipokuwa mara moja, na hiyo mara moja nilirudisha pesa, nitawaambia. Habari ndiyo kabisa, zinanimalizia betri.

Jibu nililipata juzi tu, nikiandaa maneno haya. Mambo yote matatu, mbio, picha na habari, kwangu ni jambo moja. Ni kurudi pale pale. Basi. Kwenda mahali, halafu kurudi, halafu kurudi tena wakati wenzako wameshachoka napo.

Tuanze na miguu.

Njia yangu wengi mnaijua. Natoka Pasiansi, nashika Barabara ya Makongoro, napita Kirumba, naingia mjini kabla daladala hazijachangamka. Nafika Kamanga, pale kwenye Jiwe la Bismarck ambalo mnandi, wale ndege wa majini, wamelipaka chokaa kwa vinyesi vyao, nazunguka Capri Point, narudi. Kilomita 16 hivi. Miaka ya mwanzo nilikuwa nabadilisha njia kila wiki, leo Igoma, kesho Nyegezi, nikidhani nitachoka na njia moja. Sikujua kwamba njia ndiyo inayokuzoea wewe.

Kuna bodaboda mmoja wa kona ya Kirumba. Kwa miaka sita, kila akiniona, swali lake lilikuwa hilo hilo: "Mzee, nani anakufukuza?" Miaka sita! Mwaka wa saba nikaugua malaria, wiki mbili sikutoka. Niliporudi hakuuliza tena nani ananifukuza. Alizima pikipiki, akanitazama, akasema, "Mzee, ulikuwa wapi? Tulidhani wamekukamata."

Mnacheka, lakini mimi siku ile nilipanda kilima cha Capri Point bila kuhisi miguu. Nimekuwa sehemu ya kona ya mtu. Medali gani inakupa hiyo?

Mara moja tu nilijidanganya nikaenda marathoni nzima, Kilimanjaro Marathon pale Moshi. Mwili wa binadamu unaweka akiba ya sukari kwenye misuli na kwenye ini, na kwa wengi wetu akiba hiyo inaishia kilomita ya 30 hivi. Kuanzia hapo unakimbia kwa mkopo. Mimi mkopo ulinikuta kilomita ya 32. Wenzangu walikuwa wananyonya vile vipakiti vya sukari nzito vinavyouzwa bei ya kuku. Mimi nilikuwa na matobolwa mfukoni, ya mama mkwe, yamekauka vizuri. Mzee mmoja tuliyekuwa tunaburuzana naye akaniuliza, "Hizo ni dawa?" Nikamwambia ni viazi vitamu vya Usukuma, vimechemshwa vikaanikwa. Nikamgawia viwili. Tukatembea, tukakimbia, tukatembea. Tulitumia saa 5 na dakika 12. Tulipofika walikuwa wanakunja mabango.

Na hapo ndipo nilipomwelewa John Stephen Akhwari, mkimbiaji wetu wa marathoni. Olimpiki ya Mexico City, Oktoba 1968. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alishamaliza zaidi ya saa nzima iliyopita. Akhwari anaingia uwanjani anachechemea, goti limefungwa bendeji, giza linaingia, watu wengi wameshaondoka. Maneno aliyoyasema baadaye, kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio bali kuzimaliza, mnayajua, yamechapwa kwenye fulana za kutosha. Ninachowauliza ni kingine. Tunamjuaje mtu huyu? Amemaliza wa mwisho, usiku, mbele ya viti vitupu. Tunamjuaje?

Tunamjua kwa sababu kuna mtu mwenye kamera ambaye alikuwa bado yupo.

Nakaa hapo hapo kwenye kamera, lakini naruka miaka 57 mbele. Usiku wa kuamkia Jumatatu, Septemba 15, 2025. Nani alikuwa macho? Nyosheni mikono. Watatu, wanne. Wengine mlisimuliwa, msione haya. Mbio za dunia Tokyo, marathoni ya wanaume, kwetu ni saa 7:30 usiku. Nimefunga mlango wa sebule ili nisiwaamshe watoto. Saa 9:40 usiku wanaingia uwanjani. Mjerumani, Amanal Petros, yuko mbele. Alphonce Simbu wetu yuko nyuma yake. Mita zinaisha, na Simbu anasogea, anasogea, anasogea. Mjerumani anajirusha kwenye mstari, anaanguka chini. Na mimi hapa Pasiansi nimesimama juu ya kochi, sijui nani kashinda. Simbu mwenyewe hakujua mpaka alipoliona jina lake juu kwenye ubao.

Wote wawili saa 2, dakika 9, sekunde 48. Tofauti yao ilikuwa sehemu 3 za mia za sekunde. Nilikaa nikapiga hesabu: kwa mwendo ule wa mwisho, hiyo ni kama shubiri moja. Hebu kunjueni mkono, kidole gumba mpaka cha mwisho. Hiyo. Kilomita 42 na mita 195, halafu shubiri. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha imepatikana kwa shubiri.

Nani aliiona hiyo shubiri? Hakuna jicho linaloweza. Iliyoiona ni kamera, na kamera ile ni ya ajabu, ndiyo maana nimeichelewesha hotuba kwa ajili yake. Haitazami uwanja. Haitazami sura za watu. Inatazama mstari wa mwisho peke yake, kupitia upenyo mwembamba kama uzi, mara maelfu kwa sekunde moja, kisha vile vipande vyembamba vinaunganishwa ubavu kwa ubavu, kama mama anavyoshona ukili mpaka ukawa mkeka. Ndiyo maana picha zile zinaonyesha miguu imepinda kama ya mtu wa mpira: kila kipande ni wakati wake. Mwamuzi anatafuta kiwiliwili kilichogusa mstari kwanza, si kichwa, si mkono, si mguu.

Kamera iliyoelekezwa mahali pamoja, haigeuki kumtazama mtu yeyote. Nikasema, mwenzangu huyu.

Maana mimi ninalo jiwe langu. Lakini kabla ya jiwe kuna deni la simulizi ile ya pesa.

Mwaka 1999 nilinunua Zenit kwa fundi redio mmoja pale Makoroboi. Kamera ya Kirusi, nzito kama tofali. Ukiikosa picha unaweza kumpiga nayo mwizi. Jirani akanipa harusi ya binti yake, na kishika uchumba cha shilingi 5,000. Nikaweka mkanda wa picha 36. Nikapiga. Ikafika 36, ikaendelea. 37. 38. Ilipofika 41 nikajua nimebarikiwa.

Sikuwa nimebarikiwa. Mkanda haukushika kwenye meno. Siku nzima ulikuwa umekaa umejikunja palepale ulipowekwa. Nilipoupeleka kusafisha, yule bwana wa studio aliuinua kwenye taa, mweupe kama maji. Hata kuku mmoja. Tangu siku hiyo, nikivuta mkanda natazama kile kifundo cha kurudishia: kikizunguka, mkanda unatembea, kisipozunguka, unajipigia kelele tu. Bibi harusi wa siku ile yuko hapa, mstari wa tatu. Dada, leo ni mwaka wa ishirini na ngapi? Bado? Haya.

Kuhusu vifaa vingine sitawachosha. Simu zenu zinatosha. Niwape kitu kimoja tu. Kamera inapima mwanga ikidhani dunia kwa wastani ni ya kijivu. Ukimsimamisha mtu mweusi kama sisi saa 7 mchana, mgongo wake kwenye ziwa linalong'aa, kamera italihurumia ziwa na kumtia mtu gizani. Mgeuze. Yeye alitazame ziwa, maji yamrudishie mwanga usoni. Na muamke mapema, ingawa hapa tuna nafuu: saa yetu ni moja na ya Dar es Salaam, lakini jua letu linachelewa kama dakika 25, kwa sababu sisi tuko magharibi zaidi. Wenzetu wameshakunywa chai, Mwanza bado tunatafuta ndala.

Sasa jiwe.

Ni lile la chini kule, upande wa kina mama wanaofulia, lenye ngazi tatu ambazo hakuna mtu aliyezichonga. Tangu Januari 2012, kila Jumapili nikimaliza kukimbia, nasimama kwenye shina la mkuyu mmoja na kulipiga picha moja. Moja tu. Kamera ile ile, urefu ule ule. Watoto wa pale walikuwa wananiita Bwana Jiwe. Kuna mama aliwahi kuniuliza kwa upole kama kuna mtu nyumbani anayejua ninapokwenda.

Mwaka 2013 mzee mmoja mvuvi alinikuta pale. Akanionyesha mstari hafifu ulioko juu kwenye jiwe, juu ya ngazi zile tatu. Akasema, "Mwaka wa sitini na nne maji yalifika hapa." Nikaitika, ndiyo mzee, kwa heshima. Moyoni nikasema, wazee bwana. Kutoka kwenye mstari ule mpaka kwenye maji ya siku ile palikuwa na zaidi ya mita moja. Mzee alifariki 2017.

Mvua za mwisho wa 2019 mnazikumbuka. Hazikukata. Na ziwa letu hili sehemu kubwa kabisa ya maji yake haiji na mito, inatoka juu, mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Machi 2020, kwenye picha zangu, ngazi ya kwanza haipo. Aprili, ya pili. Kina mama wamehamia juu na mabeseni yao. Mei, ngazi zote tatu zimezama, na mkuyu wangu una miguu ndani ya maji, mimi nimepandisha suruali. Mwezi huo kipimo cha Jinja kule Uganda, Nile inapotokea, kilisoma mita 13.42. Rekodi ya zamani ilikuwa 13.41. Ya mwaka gani? Semeni kwa sauti.

Elfu moja mia tisa sitini na nne.

Nikatazama jiwe. Maji yalikuwa yamelala kwenye mstari wa mzee, kama mtu aliyerudi kwenye godoro lake. Nilikaa na kamera mkononi, sikuinua kwa muda. Nilimkumbuka nilivyomwitikia, "ndiyo mzee", bila kumwamini. Yeye hakuwa na kamera. Alikuwa amerudi pale pale kwa miaka 50.

Na hapa niseme jambo litakaloniletea maneno. Sheria ya mazingira ya 2004 inatuzuia kuendesha shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Vizuri. Lakini ukingo upi? Ule wa 2013 au ule wa 2020? Ukingo wa ziwa hili unatembea, mabibi na mabwana. Waliopoteza vibanda mwaka ule wengi wao hawakuwa wajeuri. Walipima kutoka kwenye maji waliyoyakuta. Nina picha zaidi ya 400 za mwanzo hadi Mei ile. Mwenye kikao cha ardhi akizihitaji, namba yangu anayo katibu. Bure.

Niende kwenye habari, maana mwenyekiti anatazama saa.

Mei 21, 1996. Vijana wa nyuma hamkuwepo. Nilikuwa na miaka 17, tuko darasani. Habari ikapita dirishani: MV Bukoba imepinduka, karibu kabisa na nyumbani, upande wa Bwiru. Shangazi yangu alikuwa asafiri na meli hiyo kutoka Bukoba. Sikuomba ruhusa. Nilikimbia. Hiyo ndiyo mbio yangu ya kwanza, na sikuwa na viatu vya maana.

Ufukweni kila mtu alikuwa na idadi yake. Mmoja anasema wote wameokolewa. Mmoja anasema hakuna hata mmoja. Saa 6 mchana nilikuwa nimesikia idadi tano, zote kutoka kwa watu walioapa. Jioni tulizunguka redio, baba ameinama mpaka sikio linagusa kitambaa cha spika. Rais Mkapa akatangaza siku tatu za maombolezo. Shangazi tulimpata siku ya nne, kwa ujumbe wa mdomo: mtoto wake alishikwa na homa, akaahirisha safari. Mamia ya familia hawakupata ujumbe kama huo. Wengi wa waliokufa wamezikwa Igoma, mnapajua. Kila Mei 21 nakimbia kutoka hapa Kirumba mpaka pale makaburini, nasimama kidogo, narudi na daladala. Sipigi picha.

Mtu aliyeishi siku ile, mngedhani amejifunza. Septemba 20, 2018, MV Nyerere ikapinduka karibu na Ukara. Zaidi ya watu 220 walifariki. Usiku ule ule nikaletewa picha kwenye simu, chombo kimelala ubavu, watu wanaelea. Mikono ikanitetemeka, nikaituma kwa watu wote ninaowajua. Mimi, mpenda habari. Mimi, mpiga picha! Baada ya dakika kumi mpwa wangu aliyeko Ukerewe akapiga. "Mjomba, hiyo si ya huku. Angalia hizo mashua pembeni."

Nikaangalia. Ngalawa. Zina mabawa ya mbao pande zote mbili, za kuzuia zisipinduke kwenye mawimbi ya bahari. Nani hapa amewahi kuona ngalawa Ziwa Victoria? Nimeishi kwenye ufukwe huu maisha yangu yote, macho yangu yanajua mitumbwi yetu kuliko yanavyojua vidole vyangu, na sikutazama. Kuna watu Nansio, kule Ukerewe, walioitazama picha ile wakatafuta sura za ndugu zao ndani yake. Niliwaandikia wote niliowatumia, mmoja mmoja. Ilichukua usiku mzima. Wengine hawakujibu, na sikuwalaumu.

Ndipo nikaanzisha daftari. Ni daftari kubwa la kawaida, kurasa 200. Habari kubwa ikitokea, naiandika nusu ya juu ya ukurasa. Nusu ya chini naiacha tupu. Wiki moja watu wote wanaizungumza, vijiwe vya kahawa vinawaka, kila mtu waziri. Wiki ya pili wamehamia kwingine. Mimi nusu yangu ya chini inanisubiri: iliishia wapi?

Ukurasa mmoja niwasomee. Juu: "Desemba 2019. Jiwe la msingi, daraja la Kigongo na Busisi." Chini palikaa patupu miaka mitano na nusu. Juni 2025 likafunguliwa, kilomita 3 juu ya maji. Jumapili iliyofuata nikaenda, nikalikimbia lote, kwenda na kurudi, nikisimama kupiga picha. Ni zuri, nasema ni zuri, aliyewahi kukesha na mgonjwa akisubiri pantoni hatanibishia. Lakini sikuandika hapo tu. Kwa miaka yote ile, kila nikivuka, nilikuwa nanunua karanga kwa mama mmoja kwenye foleni ya Kigongo. Foleni ile ilikuwa soko. Foleni imeisha, soko limekwenda wapi? Nilirudi mara tatu mpaka nikampata. Amehamia stendi, anauza maji na biskuti, na anasema biashara ni ndogo lakini hapigwi tena na jua. Nikayaandika yote mawili, kama alivyosema, biashara ndogo na jua. Hakuna gazeti lililoyaandika.

Kurasa 31 bado zina nusu tupu. Mama fulani, hilo ndilo ninalolipata: kurasa 31.

Nilikuwa na jingine la kusema kuhusu magoti, lakini tazameni dirishani. Saa 12:25. Jua limeshagusa vilima vya ng'ambo, na mwanga huu una dakika 15, usizidi. Inukeni. Acheni viti. Wazee mbele, warefu nyuma, wote mtazame ziwa, mimi nitasimama majini. Watoto wasije upande wa mkuyu, pana utelezi. Na wewe dada wa mstari wa tatu, uje ukae katikati kabisa. Safari hii nimeangalia, mkanda unazunguka.

Wabeja sana, asanteni. Twendeni.